Kuhusu kiwanja chako na njia ya wakamwana

Mpuguso,
Tukuyu.
9 Juni 2024

Mpendwa Baba Mdogo Ackson,

Shikamoo. Habari za huko Kahama, na kifua chako kikoje siku hizi? Mama Mdogo Agness na watoto hawajambo? Sisi hapa tupo. Bibi goti linamsumbua kwa baridi hii lakini shambani anaenda.

Barua nampa Obed, anakuja huko na basi. Kwenye simu nashindwa, Bibi anakuwa amekaa hapo hapo anasikia.

Ni habari ya kiwanja chako cha mtoni. Walikuja watu wa barabara kutafuta pa kuweka daraja la pikipiki na magari ya chai. Walikuwa na ramani ya zamani, ya wakati wa Wazungu. Inaonyesha njia mbili za kushuka mtoni. Moja nyembamba inapita kwako. Nyingine nene inazungukia chini kwa Andrea. Wakasema hiyo nene ndiyo ilikuwa barabara, daraja litakaa huko. Mimi nilifurahi, nikanyamaza.

Bibi akaomba wamwonyeshe kwa kidole. Akacheka. "Hiyo ya wakamwana, baba. Mkamwana hakutani na baba mkwe, anazunguka. Tulikuwa wengi, tukaikanyaga ikawa pana."

Yule kijana wa ramani akamuuliza, "Kwani wakwe walikuwa wanauma, bibi?"

"Hawaumi. Ila ukimwona unaingia kwenye migomba na maji yako kichwani mpaka apite. Wewe ungeweza?"

Watu wakacheka. Halafu akasema huko chini ni pa kuchota maji tu, ng'ambo ni mwamba. Watu walikuwa wanavukia kwetu, hapo kwako, kwenye gogo. Nilimwangalia. Anajua kiwanja ni chako, na kwamba unataka kujenga ukirudi.

Wakashuka kuangalia, wakakuta ni hivyo. Vigingi wamepiga kwako, katikati. Kipande kinachobaki nyumba haikai. Parachichi ndogo nimezihamisha, ile kubwa itakatwa.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakunyamaza. Akasema amechoka kuona wajawazito wanavushwa mgongoni kwenye maji. Basi, akaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake akakata migomba yake ya upande wa juu, ile iliyo karibu na mlango. Anasema utajenga hapo. Visiki nimeng'oa mimi.

Ukipiga simu usimfokee, Baba Mdogo. Mwache aseme mwenyewe.

Nisalimie Mama Mdogo, Anyitike na mdogo wake. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Ambindwile