Baba Hataki Kuingia Kingi

Njoro,
Jumapili, 9 Juni 1957

Mpendwa ndugu yangu Kemboi,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo huko Tororo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu, weh! Asubuhi nikikamua ng'ombe vidole vinakufa ganzi.

Ngano imeota vizuri. Yule ndama wako mwekundu ni mtundu sana, juzi alitafuna leso ya Mama.

Sasa tuje kwa drafti yenu, wewe na Baba. Hatua yako ilifika Jumatano, nikaisogeza kete yako, ile mbegu ya mahindi, kama ulivyoandika. Kaka, umecheza vibaya! Umeacha nyumba ya thelathini na moja wazi kabisa, na kete ya Baba, kile kifuniko cha soda, iko kwenye ya ishirini na saba. Hatua moja tu aingie kingi, kete yake iwe mfalme, na wewe kwisha. Lakini Baba akapapasa ubao, akaniambia niandike kutoka tano hadi tisa. Ile ya pembeni, isiyo na kazi!

Nikadhani ni macho. Ukungu umeyafunika yote mawili, siku hizi ananitambua kwa sauti. Daktari wa Nakuru amempa tarehe 24 apasuliwe, na anasema akichelewa hataona tena. Baba amejibu kwamba atakwenda mchezo ukiisha. Basi nikamshika kidole, nikakiweka juu ya kile kifuniko, nikamwambia hapa ndipo pa kushinda.

"Najua, Jepkoech," akasema. "Lakini nikiingia kingi leo, Kemboi ataniandikia nini tena?"

Nilitoka nje nikalia, sikufichi. Halafu nikakukasirikia wewe. Miaka miwili barua zako ni mstari mmoja wa salamu na hatua ya drafti, basi.

Nimekuandikia tano hadi tisa kama alivyotaka. Lakini tafadhali, usijibu kwa barua. Omba likizo, panda treni, ufike kabla ya hiyo tarehe 24. Keti mbele yake, uiache ile nyumba wazi, akufunge huku akisikia unavyolalamika. Kisha umshike mkono mwende hospitali.

Mama anakusalimu, na Shangazi Cheptanui, na Kiplangat anayeuliza kama umenenepa. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Jepkoech

Ubao uko palepale mezani. Hakuna anayeruhusiwa kuupangusa.