Zichane Kopi Zote Kumi

Karakana ya meno ya bandia,
Chumba cha nyuma.
Jumanne asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako mkubwa. Hujambo? Magoti yako yanaendeleaje tangu wakuhamishie ofisi ya chini? Mapacha wamepona kikohozi? Na mama je, mguu umepungua uvimbe, au bado anawaambia wageni hauumi huku amekunja uso? Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Nakula, natembea, nafika kazini kwa wakati. Ni moyo tu ambao haujatulia tangu Alhamisi, na ndio ulionikalisha hapa na kalamu.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Nimepiga. Jumamosi nilikupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuuliza habari za mvua. Mara ya tatu akapokea shemeji, nikamwambia asiirushe ile droni mpaka barua yangu ifike. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, unaionea wivu zawadi uliyotoa mwenyewe?" Nikacheka naye, nikakata. Ninayotaka kusema yamegoma kutoka mdomoni, hivyo nayaandika, na barua nitaituma kwa basi la kesho ili Alhamisi uwe nayo mkononi.

Kabla hujaendelea kusoma, naomba ufungue lile boksi nililowatumia mwezi uliopita pamoja na droni yangu ya zamani. Chini ya sponji kuna karatasi kumi za orodha ya ukaguzi, yale mambo kumi na moja ya kuangalia kabla ya kurusha. Zitoe zote, zichane. Usimwachie shemeji hata moja, hata akikuambia ni ya kumbukumbu. Fanya hivyo kwanza, kisha urudi hapa.

Sasa sababu.

Unanijua mimi na orodha zangu. Kazi ya kutengeneza meno ndiyo iliyoniharibu hivi: jino halitoki mezani kwangu mpaka limepimwa mara tatu, la sivyo mtu anarudi amevimba fizi na kunitukana kwa midomo ya upande. Nilipoanza kurusha droni, wenzangu wa kikundi chetu cha Jumamosi walinitania kwa karatasi yangu. Betri imejaa. Rimoti imejaa. Mapanga, yale mabawa yanayozunguka, yamekazwa, kila moja kwenye mkono wake. Satelaiti zimepatikana. Kila jambo na kisanduku chake, kila kisanduku na tiki yake. Wao walipoteza droni zao kwenye miti na mapaa ya watu, mimi yangu ikirudi salama, na kusema kweli nilikuwa najivuna.

Mwaka jana karatasi ilianza kuchakaa, nikaipeleka kwa mtoa fotokopi anitolee kopi hamsini. Nilimpa ile niliyoitumia wiki hiyo, na ilikuwa imeshapigwa tiki. Sikuangalia. Nilipofika nyumbani nikakuta kopi zote hamsini zimetoka na tiki zake, nyeusi, zimenyooka vizuri kuliko nilivyozipiga. Nikajilaumu, nikasema nitatoa nyingine. Sikutoa. Wiki ya kwanza nilipiga tiki zangu juu ya zile. Wiki ya pili nikapiga chache. Baada ya hapo sikumbuki tena, na hiyo ndiyo inayonitisha. Jicho lilikuwa likiona tiki, linapita.

Alhamisi mchana, wakati wa mapumziko, nikaichukua droni mpya nikaenda nayo uwanja ulio nyuma ya karakana hii tuliyohamia. Sikuwa nimeirusha tangu tuhame. Nikatoa karatasi mfukoni, nikaipitishia macho kama mtu anayesoma jina la duka, nikaikunja. Droni ikapaa. Haikupita muda rimoti ikalia. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa chaji. Kabla sijageuza kitu, ikazimika mkononi.

Droni ikipoteza mawasiliano hurudi yenyewe nyumbani, yaani mahali ilipopahifadhi kabla ya kuruka. Ndiyo maana lazima uisubiri ipate satelaiti, ijue leo iko wapi. Mimi sikuisubiri. Nyumbani ilipopajua ni pale iliporukia mara ya mwisho: uani kwenye karakana yetu ya zamani, mitaa miwili kutoka hapa. Na ule ua, mdogo wangu, tangu tuhame umechukuliwa na chekechea ya jirani. Ndipo watoto wanapochezea.

Niliiona inageuka, inaelekea kule, nami najua inakokwenda. Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa kijana. Koti jeupe la kazi linapepea, nimejaa vumbi la plasta, watu wananipisha wakidhani daktari anawahi mgonjwa. Mkononi nimeshika rimoti iliyokufa na bado naibonyeza.

Nilipofika getini, droni ilikuwa juu ya ua inashuka polepole, mapanga yote manne yakizunguka. Chini yake watoto kama ishirini wameinua mikono, wanaruka, wanaipokea kwa furaha. Katikati kulikuwa na msichana mdogo, miaka minne hivi, ameinua mkono juu kuliko wenzake na amejisimamisha kwenye ncha za vidole ili aifikie kwanza. Nikalisukuma geti. Ule mkono bado nauona.

Mwalimu wao ndiye aliyemwahi. Aliingiza mkono wake juu ya ule wa mtoto na kuisukuma droni pembeni kwa kiganja kitupu. Ikapinduka, ikajigonga ukutani, ikanyamaza. Mtoto hakuguswa hata ukucha, alilia tu kwa sababu mchezo umeharibika. Mwalimu alishonwa nyuzi tano kiganjani.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, mkono wake umefungwa bandeji, aliniuliza bila ukali wowote, "Mzee, kitu kama kile si hukaguliwa kabla ya kurushwa?" Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona nimepata pa kujitetea. Nikatoa karatasi mfukoni nikamwonyesha tiki zote kumi na moja. Yeye husahihisha madaftari kila siku. Akaipitishia kidole cha mkono mzima, akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee," akasema, "hizi si tiki za kalamu. Hizi zimekuja na kopi."

Niliona aibu mbele ya binti anayeweza kuwa mwanangu, na aibu ilipopungua ikaja hofu, nayo haijaondoka. Jana nimesaga jino la mbele la mteja mpaka likabaki dogo kama punje ya mchele, nikaanza upya. Kila ninachofanya najiuliza kama nimekifanya au nimekiona tu kimefanyika.

Ila hayo ni yangu. Lililonifanya nikuandikie ni Jumapili.

Shemeji ameniambia mpango wake wote: mama anatimiza miaka themanini, ukoo mzima umekaa uani, na droni inapaa kutoka katikati ya meza kuwapiga picha. Wazo zuri, hata mimi lingenijia. Lakini nisikilize. Droni hiyo nilipoifunga boksini niliyachomoa mapanga ili itoshee. Mawili yana duara jeupe, mawili hayana, na kila moja lina mkono wake. Ukiyachanganya, droni haipai. Inapinduka pale pale na kujitupa upande wowote inaoutaka yenyewe. Na nimejaribu kukumbuka kama niliyatenga kwenye vifuko viwili au niliyatia yote kwenye kimoja. Sikumbuki, dada. Nimekaa nimefumba macho nikijaribu, sikumbuki.

Shemeji ni fundi hodari wa majokofu, lakini ni mtu wa papo kwa papo, unamjua kuliko mimi. Atatoa karatasi yangu, ataona "mapanga yamekazwa, kila moja kwenye mkono wake", ataona tiki, na kwa kuwa imeandikwa na mimi, mtu wa orodha, ataamini. Kila mtu pale uani anaweza kuinuka na kukimbia isipokuwa mmoja. Mama atakuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, breki zimefungwa, mmemweka mbele kabisa ili aonekane vizuri kwenye picha. Na unamjua, ataitazama ikimjia huku anatabasamu.

Basi Jumapili isiruke. Pigeni picha kwa simu. Mtu apande kwenye kiti kama tulivyokuwa tukifanya zamani, vichwa vikikatika vikatike.

Shemeji akinuna, mpe barua hii aisome mwenyewe kuanzia juu, na ile aya ya msichana aisome mara mbili. Najua atanicheka kwanza. Mwache acheke, akifika pale ataacha.

Nisalimie mapacha, uwaambie mjomba bado anawadai barua. Msalimie shangazi wa duka la vitambaa, na jirani yako fundi viatu. Msalimie shemeji pia, na umwombe radhi kwa niaba yangu, maana nimempa kitu cha hatari nikakifunga kwa utepe. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, amfikishe mama Jumapili akiwa mzima na amvushe.

Kwa mama nina salamu na ombi. Chomoa betri ya droni, mpe aitie kwenye mkoba wake, ule anaolala nao. Mwambie asimpe mtu yeyote. Mimi nakuja Jumamosi jioni, na najijua: nitakuwa nimeshatulia, nitaiona droni mezani, nitasema nimeikagua. Hata nikimwomba kwa maneno matamu, asinipe.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii anaogopa mikono yake mwenyewe,

Kaka yako.