VIDONGE HAMSINI KWENYE KOPO LA VIJITI VYA KUCHOMELEA

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Umri: miaka 52. Kazi: fundi wa kuchomelea vyuma. Makazi: nyumba ya nyuma ya karakana yake. Uhusiano: mume wa majeruhi.

Nimekuja mwenyewe, sijaitwa. Maelezo niliyotoa siku ile ya tukio yalikuwa na uongo.

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo mwezi Januari. Siku ya kutoka wodini nesi wa kliniki alituambia tumbo lile halinyonyi tena vitamini D kama zamani, kwa hiyo kila Jumapili anywe kidonge kimoja, maisha yake yote, na damu ipimwe. Dawa zilikuwa zinamtia kichefuchefu, akaniachia nizitunze mimi. Akasema, "Wewe nipe tu, mimi nafumba macho nameza."

Mnamo tarehe 8 Februari alipanda kwenye mizani akalia. "Baba watoto, kilo mbili zimerudi. Nimekatwa bure." Mwenzangu wa karakana akaniambia, "Vitamini ndizo zinanenepesha, kaka. Endelea kumpa, utampeleka kukatwa tena." Nikamwamini, sikumuuliza nesi. Kesho yake, Jumapili, na kila Jumapili baada yake, nilimwekea mkononi kidonge cha mafuta ya samaki, kinafanana. Kile cha hospitali nikakitia kwenye kopo la vijiti vya kuchomelea. Kutupa dawa niliogopa.

Tarehe 20 Agosti majibu ya damu yalitoka. Nesi alisema kipimo ni tisa, na wao wanataka kisipungue thelathini. Akanitazama. "Anakunywa kweli?" Nikasema anakunywa mbele yangu. Akaongeza viwe viwili kila Jumapili. Hapo nilijua nimekosea. Niliona aibu, nikaendelea.

Miguu ikaanza kumuuma. Akawa anajivuta ukutani kwenda chooni.

Mnamo tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, dereva wa lori, alikuja nyumbani. Alimwona dada yake anavyotembea. Akanifuata mlangoni. "Umemfanya ngoma dada yangu? Nipige mimi basi, mimi sijakatwa tumbo." Mke wangu akasema, "Jamani, huyu hajawahi kunigusa." Shemeji akanipiga ngumi ya mdomo. Nikachukua bomba la chuma, nikampiga bega. Mke wangu akaingia katikati. Shemeji akamsogeza kwa kiganja, kama unavyosogeza pazia. Mke wangu akaanguka kwenye kizingiti ambacho kimo chake hakifiki shibiri moja.

Nilisikia paja likikatika. Mguu ukageukia nje. Mke wangu alinitazama.

Badala ya kuinama kwake, nilimpiga shemeji bomba la mdomo. Meno mawili yakatoka. Nikampiga sikio, akaanguka, nikampiga tena mbavuni akiwa chini. Alikuwa anasema, "Shemeji, dada, mtazame dada." Nikampiga kwa sababu ya neno hilo. Majirani ndio walionitoa. Polisi walipofika nikasema bomba lilikuwa lake na ndilo lililomvunja mke wangu. Ndiyo sababu shemeji yuko mahabusu mpaka leo.

Jana daktari wa mifupa alisema mfupa ule ulilainika siku nyingi. Akauliza habari ya dawa. Kabla sijajibu, mke wangu akasema kutoka kitandani, "Mume wangu hajaruka hata Jumapili moja."

Usiku sikulala. Shemeji alimsukuma, ni kweli. Aliyemvunja ni mimi, tangu Februari. Mwachieni.

Kopo hili hapa. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, sijalazimishwa na mtu.

Sahihi: (dole gumba na jina)
Tarehe 14 Novemba, saa mbili na nusu asubuhi

Maelezo ya askari mpokeaji: Nilimsimamisha katikati ya maelezo nikamwonya kwamba anajitia hatiani. Alisema anajua, akaendelea. Nimehesabu vidonge mbele yake, ni hamsini. Aliuliza kama vinaweza kupelekwa wodini leo. Nimemjibu kwamba sasa ni vielelezo vya kesi.