Plasi ya Heshima

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti limetulia? Na macho, bado yanakutii? Sisi wazima. Wifi yako anashukuru kwa pazia. Anasema sasa nyumba ina sura ya watu.

Nimekwama kwenye sura ya tano ya kitabu, na wa kunikwamua ni wewe. Sura nne za kwanza nimegombana na kila mtu. Unanijua: sina subira na wanaofundisha sayansi kama ngazi, fulani kapanda, fulani kafuata, na sisi tuko juu tunapunga upepo. Upuuzi! Kwa mamia ya miaka madaktari waliapa kwamba homa inatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa. Wala hawakuwa wajinga. Waliona kwamba anayelala karibu na bwawa anaugua. Alipotokea mtu akachungulia damu na kuona vijidudu, wenzake walimwambia, "Hizo ni takataka za rangi uliyoitia damu." Ilichukua miaka kumwamini.

Sura ya tano ni ya nyumbani: Daktari Mkuu wako na jedwali lake. Wagonjwa mia mbili walipewa vidonge vichungu, themanini wakarudi baada ya wiki wangali na homa, na vimelea vya malaria vikaonekana tena kwenye damu. Akatangaza kwamba dawa imechoka. Wakamcheka. Miaka sita baadaye ikashindwa kila mahali, wakamwita aliyeona mbali. Slaidi zote zile za damu ulizisoma wewe, kwenye maabara ya hospitali yake. Nieleze kazi ilivyokuwa. Mchapishaji anataka sura mwishoni mwa Juni.

Mdogo wako,
Mbishi

14 Machi

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu zimefika. Goti ni goti tu, linatabiri mvua kuliko redio. Macho yangu usiyaseme. Kusoma bado nasoma, ila uzi na sindano vimeshanikataa.

Umeniuliza kazi. Nilikuwa na kiti kirefu kisicho na mgongo, karibu na dirisha, kwa sababu umeme haukuwa wa kutegemea na hadubini yetu ilitumia kioo kunasa mwanga wa nje. Tone la damu kwenye kipande cha kioo. Unaliacha likauke, unalimwagia rangi, unaosha, unasubiri. Kisha tone la mafuta, unashusha lenzi mpaka iguse mafuta, na unaanza kutembea. Ndivyo tulivyosema, kutembea. Sehemu mia mbili, mstari kwa mstari, kabla hujathubutu kuandika kwamba hakuna kitu. Ukiona kimelea unaandika alama ya kujumlisha, plasi moja, mbili, mpaka nne, kwa wingi wake. Slaidi arobaini kwa siku. Shingo ilikuwa inalia kama bawaba.

Kuhusu Daktari Mkuu, mwache apumzike. Andika habari za mtu mwingine.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole ya goti.

Nimwache kwa nini? Umeniandikia ukurasa mzima wa kiti na mafuta, halafu kwenye swali lenyewe umenifungia mlango kwenye pua. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa kunipiga kidole kila niliporuka mstari. Usiruke mstari.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na wa nyumbani? Mimi nimelala vibaya wiki mbili, na si kwa goti.

Haya, siruki. Nilipoanza kazi niliandika nilichokiona. Siku moja Daktari Mkuu aliingia maabara na karatasi yangu mkononi, mbele ya wauguzi. "Binti, mgonjwa anawaka kama jiko, na wewe unaniandikia hakuna kitu? Ana nini basi, wivu?" Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Alipotoka, mpimaji mkuu aliyenifundisha kazi akaniambia polepole, "Mwandikie plasi moja, mwanangu. Ya heshima. Daktari atatoa vidonge, mgonjwa atafurahi, na kidonge hakijamuua mtu."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mwenye homa na damu safi alipata plasi ya heshima. Ila mimi moyo ulikuwa unanisuta, basi pembeni mwa kila plasi ya namna hiyo niliweka kinukta cha penseli kwenye daftari la maabara. Hakuna aliyewahi kuniuliza vinukta vile ni vya nini.

Sasa hesabu mwenyewe. Wagonjwa themanini waliorudi na homa: nilipowapima tena, wengi damu ilikuwa safi. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, au malaria haikuwepo tangu mwanzo. Walikuwa na homa nyingine, ambayo mpaka leo sijui ilikuwa homa gani. Nikaandika plasi, na Daktari Mkuu akazipanga plasi zangu kwenye jedwali. Hakudanganya. Aliniamini.

Madaftari yapo kwenye stoo nyuma ya hospitali, kama mchwa wamekuachia kitu.

Dada yako

27 Aprili

Sitauliza hali.

Nimekwenda. Mchwa wamekula vifuniko tu. Nimekaa stoo siku tatu na kitambaa puani. Kati ya wale themanini, hamsini na tisa wana kinukta. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama kichaa: dawa ilikuja kufa kweli, hivyo mtu akawa sahihi kwa bahati, na sisi tumejenga jina lake juu ya bahati hiyo! Nilisema hii ndiyo sura bora ya maisha yangu.

Kisha nikafungua mwaka uliofuata. Septemba, ukurasa wa kulia, mstari wa kumi na nne. Mwanamke, miaka hamsini na nne, homa siku ya tisa. Plasi moja. Mwandiko wako. Na kinukta.

Jina nililisoma mara tatu kana kwamba ni la mama wa mtu mwingine.

Ulijua. Ulikaa kwenye kiti chako, ukatembea sehemu zako mia mbili kwenye damu ya Mama, ukaona hakuna kitu, ukaandika kipo. Kwa heshima ya nani?

2 Julai

Dada yangu,

Salamu. Nimeandika barua nne nikazichana. Wewe hukuandika hata moja, nami sikustahili. Wifi yako ananiambia nimekuwa mtu wa kuzunguka meza. Anakuuliza kila siku. Tafadhali mjibu yeye, kama hutaki kunijibu mimi.

Sura sijaipeleka. Mchapishaji ameniongezea muda mpaka Septemba. Nimefikiri hivi: jedwali nitalibomoa, hilo halina mjadala. Lakini si lazima wewe uwemo. Nitaandika kwamba hadubini ilikuwa chakavu, mwanga hafifu, majibu ya miaka ile hayaaminiki. Nani atabisha? Na ukurasa wa Septemba nimeuona mimi peke yangu.

Nisamehe kwa ile barua.

Mdogo wako

19 Julai

Mdogo wangu,

Nimepokea. Mwambie wifi yangu mimi mzima, nakula, na pazia la pili linakuja.

Hukukosea kuniuliza. Ulikosea kuniandikia tarehe mbili Julai. Wewe! Uliyemtoa jasho kila mwalimu wako, uliyeandika sura nne kuwatukana watu wanaofagia makosa chini ya mkeka, leo unanishikia mkeka? Hadubini ile ilikuwa nzima. Nilikuwa naisafisha kila jioni kwa kitambaa laini kuliko nguo zangu. Usiisingizie.

Nikuambie siku ile. Mama alikuwa kitanda cha sita, karibu na mlango. Damu niliitoa mwenyewe, naye akasema mkono wangu mwepesi. Sehemu mia mbili, hakuna kitu. Nilisimama kumfuata Daktari Mkuu. Nikamwona kwenye korido na wageni wake, nikakumbuka kile kicheko, nikarudi kukaa. Nikaandika plasi moja. Wakampa vidonge, wakarudia, wakarudia tena. Hakuna aliyetafuta homa nyingine, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana. Siku ya kumi na tatu tulimzika, na wewe ulikuwa shule ya bweni.

Slaidi yake niliichukua nyumbani. Sijaitazama tena. Kwa miaka ishirini na sita nimejiambia kwamba labda siku ile nilikuwa nimechoka, labda niliruka mstari, kimelea kilikuwepo na plasi yangu ilikuwa kweli bila mimi kujua. Unaona? Na mimi nimeishi kwa bahati kama Daktari Mkuu.

Naituma kwenye kopo la vidonge, ndani ya pamba. Chuoni kwenu kuna hadubini. Itazame wewe. Mimi siwezi.

Dada yako

5 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kopo limefika salama, pamba haikusogea.

Nilikwenda maabara ya chuo asubuhi. Fundi wao akaniwekea tone la mafuta, akanionyesha pa kuzungusha, akaniacha. Nilikaa mpaka saa nane mchana. Rangi imepauka lakini chembe za damu zipo, duara kwa duara. Na kuna vidoa. Vidogo, vya zambarau, kimoja hapa, viwili pale. Kisha nikajiuliza: ni vimelea, au ni takataka za rangi?

Sijui, Dada. Nimeandika vitabu vitatu kuhusu watu walioona na watu waliokataa kuona, na sijui kuona. Fundi wa chuo anapima udongo, naye hajui. Ningeweza kumpelekea mpimaji mgeni hospitalini. Sitaki mgeni aisome damu ya Mama.

Nakurudishia kopo, uitazame mwenyewe. Ukisema hapana, nitaizika slaidi pale alipo mwenyewe, na sura itaishia kwenye jedwali.

Mdogo wako

21 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo. Kopo lilifika Jumatatu. Likakaa juu ya kabati siku tatu tukitazamana.

Alhamisi nilikwenda hospitali. Mkuu wa maabara sasa ni mwanamke, aliponiona akavuta kiti akasema, "Karibu, Mama, hadubini yako tuliihifadhi." Ipo dirishani pale pale. Mashine mpya ziko upande wa pili zinalia pii pii. Nikageuza kioo nikanasa jua. Nikashusha lenzi mpaka ikagusa mafuta.

Nilitembea sehemu mia mbili. Nikapumzika, nikatembea mia mbili nyingine kuanzia upande wa pili, bila kuruka mstari.

Vidoa vyako ni rangi. Kimelea kina mwili na kiini; vile havina. Ni rangi iliyoganda kwa sababu siku ile niliosha haraka.

Damu ya Mama ni safi. Jicho langu halikukosea. Mkono wangu ndio ulioandika.

Andika hivyo. Weka mwezi, ukurasa na mstari. Mpimaji mkuu mwache, alishakufa na hana wa kumsemea. Na usiniite mhudumu wa maabara wa miaka ile. Niite dada yako.

Slaidi imebaki kwenye kasha la maabara, na karatasi mpya: hakuna kitu kilichoonekana, sehemu mia nne. Nimetia saini.

Dada yako