Ugali Aliokataa Baba Kosmasi

Jumapili. Ukungu umetuganda tangu alfajiri, na kahawa inaiva yote kwa mpigo.

Leo baada ya misa kanisani Mapera, karani wa boma alitutangazia kwamba Serikali inapendekeza sheria mpya. Wazee wa baraza, wale wanaokaa na jaji Songea na kumpa rai yao kabla hajahukumu, watapewa posho ya maana: nauli, chakula, na mahali pa kulala. Watu wakamgeukia mume wangu, Baba Kosmasi, wakampigia makofi. Yeye akainama kufunga kamba za viatu.

Nilipiga makofi kuliko wote.

Mwaka jana alipoitwa kwenye kesi, posho yake haikutosha hata kitanda, hivyo akafikia kwa kaka yangu, palepale Songea. Wifi akamsongea ugali na usipa, dagaa wa ziwani anaowapenda kufa. Kabla hajanawa, akasikia kwamba mshtakiwa ni mdogo wake wifi. Akaomba radhi, akabeba mkoba wake. Akalala kwenye kibaraza cha soko mpaka kesi ikaisha.

Kukataa ugali wa shemeji! Kaka hajatia mguu kwetu tangu hapo. Nami nilimnunia mume wangu mpaka kahawa ya mwisho ikaanikwa.

Lakini yule kijana aliachiwa, na rai ya Baba Kosmasi ilikuwa hiyohiyo. Hakuna aliyethubutu kusema ameachiwa kwa ajili ya ugali. Nimeolewa na mkaidi, na ninajivunia. Yeye sijamwambia, asije akavimba kichwa.

Mchana tarishi kaleta wito mwingine. Nilimsihi, "Baba Kosmasi, ngoja basi hiyo sheria ipite."

"Na aliye rumande, Mama Kosmasi, naye aingoje?"

Kahawa nitachuma mwenyewe.

Tarishi alikuwa na kifurushi pia, kutoka kwa wifi: usipa, na ujumbe kwamba shemeji ale nyumbani kwake mwenyewe, kabla hajakanyaga mahakamani. Nilipokifungua machozi yalinitoka. Nikasonga ugali mbio, nikamtengea.

Mtu huyu akaketi, akautazama ule usipa, mikono magotini.

"Mshtakiwa safari hii ni nani?"

Nilikuwa nimeshamuuliza tarishi. Nikamwambia ni mtu wa Lipingo, si ndugu yetu wala wa wifi.

Ndipo akanawa.