Sala Aliyozikiwa Baba

Mbarara

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na bibi pamoja. Mgongo wa bibi unaendeleaje? Bado anakataa dawa mpaka umgombeze? Na ziwa limerudi nyuma, au maji bado yanaingia uani? Sisi huku tuko wazima. Dada Neema bado yupo kambini Rubondo, anauza nyanya zake, amenenepa, na ukimwambia hivyo ananuna. Mimi mwili hauna neno, ila kuna jambo limenishtua na mpaka leo halijanitoka. Barua hii nimempa mama wa vitenge anayeshuka Uvira. Kwenye simu ungelia, nami ningelia, na tusingeelewana.

Kama ulivyosikia, mapadri wa hapa Mbarara walinichukua katika shule yao, mwaka wa kwanza wa sekondari. Darasani mimi ndiye mrefu kuliko wote. Wenzangu ni watoto wa juzi, wananiita Mzee. Hilo nimelizoea. Ambacho sijakizoea ni Kilatini. Kinafundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe bado nakifukuzia. Afadhali kile Kifaransa chetu cha shule ya msingi, maana maneno mengi ni ndugu. Neno moja linabadilika mkia kutegemea nani anamfanya nani nini, na usipoangalia mkia umeshamfanya mbuzi amchunge mchungaji. Siku za kwanza nilidhani padri anatutania.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba maneno yale yana maana. Usinicheke, Mama. Sisi tulikua tukijua Kilatini ni cha kusemea na Mungu tu, kinapanda juu chenyewe bila kupita kichwani mwa mtu. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna watu walikitumia kuulizana bei ya ngano na kugombana na wakwe zao. Padri alipoanza kutufafanulia neno moja moja, nilihisi kama ananivulia mtu nguo.

Papa Déo unamkumbuka, yule mzee jirani yetu wa Rubondo, aliyefanya kazi ya jikoni kwa mapadri zamani za ujana wake. Baada ya wewe kurudi Uvira kumuuguza bibi, ndiye aliyekuwa akiitwa kuzika pale padri alipokosekana, kwa sababu katika jumuiya yetu nzima ni yeye tu aliyekuwa na sala ya Kilatini. Siku tulipomzika baba, mvua ilikuwa imeharibu barabara na padri hakufika. Papa Déo alivaa koti lake, akasimama kichwani pa kaburi, akasali. Kwa neno la mwisho sote tukachota udongo, kama desturi yetu ilivyo. Nilipokupigia simu jioni ile nikakuambia baba amezikwa kwa Kilatini, ulisema, “Basi moyo wangu umetua, amezikwa kama padri.” Maneno yako hayo ndiyo yanayofanya mkono wangu uwe mzito leo.

Mkuu wa shule alikuja kula nasi bwaloni siku ya sikukuu. Siku za kawaida tunaombea chakula kwa Kiingereza. Siku ile alisimama, akafumba macho, akaanza kwa Kilatini. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali na nyama. Ilikuwa ni ile sala, Mama. Neno kwa neno, hata pale Papa Déo anapovuta pumzi. Nikaweka sahani chini, nikapiga goti, na mkono wenyewe ukaanza kutafuta udongo kwenye saruji. Nikamwuliza mwenzangu nani amekufa. Mwenzangu huyo ni Ronald wa Masha, hapa jirani, kwao wana ng'ombe, na Kiswahili chake amekiokota kwa askari.

“Hakuna mtu amekufa,” akasema. “Tunaombea chakula. Inuka, tunakula.”

Sikula. Nilimfuata padri anayetufundisha, nikamwandikia ile sala ubaoni, na herufi nilizokosea akazisahihisha. Nilitumaini ataniambia ni sala ya kazi zote, huku chakula, huku wafu. Akacheka kwanza, akanieleza kwamba hiyo inaomba Bwana abariki hivi vipaji tunavyokwenda kula. Alipoona uso wangu akaacha kucheka, akauliza niliisikia wapi. Nilipomweleza akatafuta ile ya wafu, akaniandikia kwenye karatasi, akanifundisha kuisoma mpaka ulimi ukakubali. Mama, baba yetu alizikwa kwa sala ya mezani. Nimeiandika sentensi hiyo na bado siamini.

Likizo ilipofika nilikwenda Rubondo nikiwa nimejaa hasira. Njiani kutoka Kashojwa, nilikoshukia gari, nilipanga maneno makali ya kumwambia yule mzee. Nikamkuta anatwanga mihogo, akanipokea begi, akasema nimekuwa mwanaume. Nikayameza makali yote, nikamweleza taratibu. Hakubisha. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaniuliza kama kweli ile ni ya chakula. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena.

“Mapadiri balikuwa banaisema kila siku mbele ya kukaa ku meza,” akasema. “Mimi nilijua ni sala. Nilijua Kilatini ni Kilatini.” Kisha uso wake ukabadilika, nikaogopa. “Mutoto wangu, nilisimama ku kaburi nikaomba Mungu abariki chakula. Chakula yenyewe ilikuwa nani?”

Nilishtuka, maana mimi nilikuwa sijafika huko. Mzee alikuwa amewaza udongo unavyokula. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule, na hasira yangu yote ikageuka aibu. Alipomaliza akavaa koti, akasema twende kwa wote aliowazika, na karatasi yangu niibebe.

Tukazunguka makaburini. Kwenye kila kaburi alitaja jina la mtu, akamwomba msamaha kwa Kiswahili, nami nikasoma. Watu waliokuwa mashambani wakaanza kutufuata. Papa Déo hakuwaficha, aliwaambia yote. Mjane mmoja alikasirika, lakini hakumkasirikia yeye. Alinigeukia mimi, akaniuliza nani alinituma nikajue. Yeye alikuwa amelala usingizi miaka yote akijua mumewe yuko salama, na sasa nimemwamsha. Swali hilo ndilo lililonifanya niiandike barua hii nikaichana, nikaiandika tena.

Kaburi la baba tuliliacha la mwisho. Dada Neema alikuwa amepalilia vizuri, naye alikuwa amesimama hapo akitungoja. Nikafungua karatasi. Papa Déo akaweka kiganja chake juu yake.

“Huyu hapana,” akasema. “Huyu umuachie ile ya chakula.”

Nikamwuliza kwa nini baba pekee aachwe na sala ya makosa.

“Wakati balipunguza chakula ya kambi, baba yenu alikuwa anabaambia nini mangaribi?”

Nikamwambia ukweli. Kila jioni baba alituachia chungu mimi na Neema, akisema ameshakula kwa Papa Déo na tumbo limejaa. Tulikuwa tunamtania kwamba ameolewa huko.

“Kwangu hakukulaka hata siku moja,” akasema mzee. “Alikuwa anakuja, tunaongea, anakunywa maji, anarudi.”

Mama, nilisimama pale na karatasi mkononi. Neema alikaa chini palepale alipokuwa. Sote wawili tulikuwa tumekula chungu kile mpaka ukoko, tukalamba na mwiko, na tulikuwa tunacheka. Papa Déo aliondoa kiganja chake. Alinisubiri. Nikaikunja karatasi, nikasali ile sala ya chakula juu ya baba, polepole, na safari hii nilijua maana ya kila neno.

Nisalimie sana bibi, mwambie ameze dawa. Nisalimie mjomba anayeuza mkaa, na shangazi mkubwa asiyekosa misa ya asubuhi, ila huyo usimsomee barua hii. Wadogo zangu wabusu mashavu. Dada Neema anakusalimu, na Papa Déo anakuomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nimerudi shuleni na Kilatini nakiendeleza.

Padri ananiambia ile ya wafu bado naweza kwenda kumsomea baba siku yoyote, Mungu hana haraka. Karatasi ninayo. Lakini wewe ndiye mke wake, sitaisoma mpaka uniambie. Na bwaloni, Mama, wanapoombea chakula kwa Kilatini, mimi bado nainama kuchota udongo.

Mwanao akupendaye,
Bahati