Dari Mpya ya Kaka Rashidi

Dada Somoe,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepungua kuuma na korosho zimeokotwa zote kabla ya mvua. Mimi ni mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ungelia na mimi ningetukana.

Unajua Baba alifikia kwa kaka Rashidi, ghorofa ya tatu, Kariakoo, akisubiri siku yake ya kliniki ya kifua. Alikuwa akilala sebuleni chini ya pangaboi, ile feni ya darini, na hilo ndilo lililompa pumzi. Mara Rashidi akapata habari kwamba washenga wa binti yake wanakuja. Taa zake ndefu za mrija zikageuka aibu. Akaleta fundi, dari ikashushwa kwa jipsamu, na ndani yake zikazamishwa taa ndogo za duara, kumi na mbili, utadhani duka la simu.

Zilipowashwa, mapanga ya feni yakawa yanakata mwanga, kuta zote zinachezacheza vivuli. Mkewe akalalamika kichwa kinamuuma. Fundi akasema, "Bosi, chagua. Feni au taa."

"Toa feni."

Baba alikuwa amekaa palepale mkekani. "Na mimi nitapumua nini, Rashidi?"

"Si kuna dirisha, Baba? Acha kudeka."

Dirisha lenyewe limetazamana na ukuta wa jirani, hata mkono haupiti vizuri. Tangu siku hiyo mzee akawa anashinda nje ya mlango, kwenye ngazi, juu ya kiti cha plastiki, na fulana yake na msuli, akitafuta upepo.

Washenga walimkuta hapo. Nilikuwa nammenyea chungwa. Rashidi aliwatangulia kupanda, kanzu imenyooka. Mmoja akauliza, "Huyu mzee ndiye mlinzi wenu?"

"Ndiyo," Rashidi akasema. "Wa siku nyingi."

Baba akajishika ukutani, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi."

Na mwanawe akaitikia: "Marahaba."

Mimi, niliyesoma vitabu mpaka macho yakaingia ukungu, mimi ambaye mtaani kwangu Mchikichini hakuna anayethubutu kubishana nami, niliendelea kumenya chungwa. Hilo ni langu, sijitetei.

Mlango waliuacha wazi kwa joto. Tukamsikia mshenga akiuliza babu yake binti yuko wapi, wanataka baraka zake.

"Yuko Masasi," Rashidi akajibu. "Anaumwa, hawezi kusafiri."

Walipoondoka niliingia nikamwambia kaka yako maneno yasiyofaa kuandikwa. Alikuwa amelowa jasho chini ya taa zake kumi na mbili. Eti ulimi uliteleza. Ulimi huteleza mara moja, Dada. Wake uliteleza mara tatu.

Nilipotoka, Baba ameshakunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko. Nikamwambia twende kwangu, kliniki ni Jumatatu ijayo tu.

"Nikatie tiketi ya Masasi," akasema. "Mwanangu ameshawaambia watu niko huko. Nisije nikamfanya mwongo."

Nimebembeleza siku mbili, ameshikilia hapohapo. Atafika Alhamisi jioni; barua hii naituma kwa basi la leo imtangulie. Mpokee stendi, usimpandishe bodaboda, kifua hakitaki vumbi.

Msalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu aliyetulea. Rashidi hakunipa salamu, na angenipa nisingezibeba.

Mdogo wako,
Hamza